Nani Anakumbuka Ile Katuni? Jibu Limelala Kwenye Magazeti ya Zamani

Iwe ni katika matatu ya kutoka Nyeri kwenda Karatina, kwenye meza ya nyama choma Nanyuki au kwenye foleni ya chakula arusini Kerugoya, watu waliopita miaka arobaini hawakosi kulifikia swali hilo: ile katuni iliitwaje? Mmoja anakumbuka mzee mwenye masharubu aliyekuwa akianguka kila mara. Mwingine anashikilia kwamba hakuwa mzee, alikuwa kikaragosi. Wa tatu anapiga mluzi wa wimbo wa kufungulia kipindi, wote wanaitikia kwamba ndio huo huo, kisha baada ya dakika kumi wanagundua kila mmoja alikuwa akifikiria kitu chake. Simu zinatolewa mifukoni. Intaneti inaleta maelfu ya katuni za Marekani ambazo hakuna hata mmoja pale mezani aliyewahi kuziona.

Mwishoni lawama huangukia uzee. Watu hucheka, husema vichwa vimechoka, mazungumzo yakahamia bei ya majani chai. Lawama hiyo haina haki. Mtoto wa Nyeri alikumbuka alichopewa, na alichopewa kilikuwa nusu tangu mwanzo. Nusu ya pili, yaani jina, siku na saa, iliandikwa na kuchapishwa kila asubuhi kwenye magazeti ya nchi hii, na hakuna taasisi iliyoona haja ya kuikusanya.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962. Mtambo wa kwanza wa kurushia matangazo uliwekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na nguvu yake ilifika maili 15 hivi, sawa na kilomita 24. Nyeri iko kilomita 150 hivi kutoka Nairobi. Shirika la utangazaji, KBC, lilitaifishwa mwaka 1964 likaitwa Sauti ya Kenya, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake za Kiingereza, VoK; rangi zikaja mwaka 1978; na mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Matangazo yalipofika chini ya Mlima Kenya hayakufika kwa usawa. Nchi ile ni ya matuta na mabonde, tuta baada ya tuta kutoka Nyandarua hadi Kirinyaga, na mawimbi ya runinga hayapendi kupinda. Nyumba ya juu ya tuta ilipata picha, ya bondeni ikapata sauti na kivuli. Antena ilifungwa kwenye mlingoti mrefu kupita paa, kijana mmoja akapanda kuizungusha na wengine wakapiga kelele kutoka sebuleni: bado, bado, hapo hapo, usiguse tena!

Fedha za kununulia chombo chenyewe zilitoka mahali pasipotarajiwa. Julai 1975 jalidi iliteketeza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi hadi 1977, na wakulima wa Tetu, Mathira na Othaya wakaonja malipo ambayo hawakuwahi kuyaona. Nyumba za mawe zilijengwa, karo ikalipwa, na kwenye nyumba moja moja runinga ikaingia. Nyumba hiyo ilikuwa ya mwalimu, ya mwenye duka au ya karani wa kiwanda cha kahawa. Watoto wa jirani walikaa sakafuni. Kutazama runinga kulikuwa ni kwenda kwa watu, na kwa watu mtoto hachagui kipindi wala haulizi jina lake.

Kisha zikaja Greatwall za China, nyeusi na nyeupe, ndogo kama sanduku la shule, zikitumia betri ya gari. Hizo ndizo zilizoeneza runinga vijijini kabla ya nyaya za umeme. Betri ilibebwa hadi kituo cha biashara kuchajiwa, ikarudishwa, ikatumiwa kwa ubahili. Ilipoanza kuishiwa nguvu, picha ilinywea kutoka pembeni hadi wahusika wakabaki wembamba katikati ya kioo. Wazazi waliitunza kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa moja jioni, kwa hiyo kipindi cha watoto cha saa kumi na moja kilizimwa katikati mara nyingi kuliko kilivyomalizika. Ukiona mtu wa Mukurwe-ini anakumbuka mwanzo wa hadithi kumi na haukumbuki mwisho wa hata moja, usimhurumie ubongo wake. Mtafute aliyekuwa na zamu ya kubeba betri.

Rangi nazo zina kisa chake. Mwitaliano Francesco Misseri alitengeneza katika miaka ya 1970 vikatuni vifupi vya udongo wa kuchezea, viumbe wawili wanaogombana na kugeuka maumbo, na mfululizo huo unaitwa Il Rosso e il Blu, maana yake Mwekundu na Mbuluu. Kwenye Greatwall wote wawili wangekuwa wa kijivu. Anayetafuta leo katuni ya udongo wa kijivu hatawahi kuipata, kwa sababu haikuwepo. Hapa wasomaji wa Unguja wana ruhusa ya kutabasamu: Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chochote kile.

Zito kuliko yote ni suala la lugha. Vipindi vingi vya watoto vilikuja kwa Kiingereza, na mtoto wa miaka sita wa Othaya alikuwa bado anaongea Kigikuyu nyumbani na kuanza Kiswahili shuleni. Alifuata hadithi kwa macho. Palipokuwa na pengo alilijaza kwa hadithi alizozijua, za mazimwi, za sungura na fisi, za msichana aliyepotelea msituni. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha jambo hili mwaka 1932 kwa kuwapa wanafunzi wa Uingereza hadithi ya Wenyeji wa Amerika na kuwataka waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua za kawaida, uwindaji wa sili ukageuka uvuvi. Waliisimulia kwa nia njema, lakini hadithi ngeni ilikuwa imevaa nguo za nyumbani kwao. Sasa chukua watoto wa Tumutumu waliotazama vikaragosi vya Ulaya mwaka 1984 bila kuelewa maneno. Wanachokisimulia leo kina vikaragosi vya Ulaya mwilini na zimwi la Kigikuyu rohoni, na mtu wa London aliyetazama kipindi kile kile hawezi kukitambua.

Na kukubaliana si ushahidi. Upo msemo maarufu sasa wa athari ya Mandela, uliotungwa na Mmarekani Fiona Broome baada ya kukutana na watu waliokuwa na uhakika kwamba Nelson Mandela alifia gerezani katika miaka ya 1980. (Nyeri hawangekuwa rahisi kuamini hilo: Julai 1990, miezi michache baada ya kuachiliwa, Mandela alisimama Kasarani mjini Nairobi na kumtaja Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri, kama mmoja wa waliomtia moyo.) Watu watano mezani wakiafikiana kwamba kipindi kilikuwa na farasi mweupe, huenda wanne wamemwazima farasi huyo kwa wa kwanza.

Mwandishi Mmarekani Kris Straub aliligusa jambo hili mwaka 2009 katika hadithi fupi ya kubuni iitwayo Candle Cove. Watu wazima wanakumbushana kipindi cha watoto cha vikaragosi maharamia, kila mmoja akiongeza kitisho kidogo, hadi mmoja anapomuuliza mama yake. Mama anajibu kwamba mtoto alikuwa akiketi nusu saa nzima akitazama chenga tupu. Wasomaji wa Marekani walitetemeka. Kwa wasomaji wa Naro Moru au Chuka hiyo ni taarifa ya kawaida. Watoto wengi wa huko waliketi mbele ya chenga kwa hiari, wakijua picha iko nyuma yake, na mara kwa mara mkono, kofia au uso ulichomoza kisha ukazama. Waliona kitu. Hawakukiona chote.

Kumbukumbu pia hazikutoka kwenye chombo kimoja. Gari la sinema lilikuja uwanjani usiku, shuka jeupe likatandazwa, filamu za kilimo bora na matangazo ya sabuni zikachanganywa na vichekesho vya Charlie Chaplin. Miaka ya 1980 na 1990 zikaja kanda za video na vibanda vya kuonyeshea, na baadaye DJ Afro akaanza kutafsiri filamu kwa mdomo wake mwenyewe, akiwapachika wahusika majina aliyoyataka, kama Lufufu alivyofanya Tanzania na mavijei wanavyofanya Uganda. Mtu mzima anayetafuta kipindi cha KBC huenda anatafuta filamu ya Hong Kong aliyoiona kibandani, kwa jina lililobuniwa na msimulizi, iliyoshikana kichwani na wimbo wa tangazo la sabuni. Hapo hata mtaalamu bora wa London au Tokyo atakwama.

Tukija kwenye vipindi vyenyewe, majina yalibadilika njiani. Kundi la vipindi vingi lilitoka Ujerumani kupitia Transtel ya Cologne, kampuni iliyosambaza vipindi vya vituo vya umma vya nchi hiyo kwa nchi zinazoendelea vikiwa tayari kwa Kiingereza. Ndiyo iliyoleta Football Made in Germany, na hapa kumbukumbu imekuwa hodari ajabu: wanaume wa Embu wasiokumbuka timu hata tatu wanaikumbuka sauti ya Toby Charles aliyetangaza. Kichekesho cha Didi kina bahati mbaya zaidi. Watazamaji wa Afrika walikijua kwa jina la Didi, lakini Wajerumani walikiita Nonstop Nonsens, kilitengenezwa kati ya 1975 na 1980, na mchekeshaji mwenyewe ni Dieter Hallervorden. Mtu anayetafuta neno Didi bila kujua hayo anaweza kuzunguka usiku kucha na kuletewa wanasoka wa Brazil.

Voltron ni mbaya kuliko Didi. Wamarekani walinunua katuni mbili za Kijapani zisizohusiana, GoLion na Dairugger, wakazikatakata, wakaandika maneno mapya, wakazirusha mwaka 1984 kama kipindi kimoja. Robotech ya mwaka 1985 ilishonwa kutoka kwa tatu. Anayesema anakumbuka roboti wawili tofauti katika kipindi kimoja huambiwa anachanganya. Hachanganyi, waliochanganya ni wauzaji.

Baada ya vikwazo vyote hivyo mtu angesema kazi hii haiwezekani. Inawezekana, na Kenya ina nafasi ambayo Marekani haina. Mmarekani aliyekuwa mtoto mwaka 1980 aliishi kati ya mamia ya vituo vya miji, kila kimoja na ratiba yake. Mtoto wa Nyeri wa mwaka huo huo alikuwa na kituo kimoja tu. KTN ilianza mwaka 1990, na mwanzoni ilikuwa ya Nairobi na viunga vyake. NTV na Citizen zilikuja kuelekea mwisho wa muongo huo. Kwa hiyo kila kipindi cha watoto kilichoonwa Karatina, Meru au Kerugoya kabla ya 1990, kama kweli kilikuwa cha runinga na hakikuwa cha kibandani, kilipita kwenye kituo kimoja, ndani ya saa chache za jioni. Orodha ya washukiwa ni fupi mno. Laiti orodha yenyewe ingekuwepo.

Na ipo, ila imetawanyika. Magazeti ya kila siku yalichapisha ratiba ya VoK, saa na jina la kipindi, kwenye safu ndogo ambayo watu walifungia nyama na maandazi. Nakala zimehifadhiwa kwenye maktaba na katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Waingereza walikuwa na jarida la ratiba la BBC, Radio Times. Mwaka 2014 BBC ilifungua kwa umma mradi uitwao Genome, ulionakili ratiba za jarida hilo kuanzia 1923 hadi 2009, na leo mtu yeyote anaweza kutafuta kipindi kwa siku na saa. Hakuna video ndani yake. Ni majina tu, na majina yametosha kumaliza ubishi wa miaka mingi.

Hesabu ya Kenya ni ndogo zaidi. Tangu rangi zilipokuja 1978 hadi mwisho wa 1989 ni siku 4,383, na ratiba ya kila siku ilikuwa na mistari michache. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko Nyeri kwenyewe na Chuo Kikuu cha Karatina kiko mwendo mfupi tu kutoka hapo. Vyote vina wanafunzi wanaotafuta miradi ya kuhitimu. Picha za kurasa, programu ya kusoma maandishi, mtu wa kusahihisha makosa. Kampuni za magazeti zingefungua maghala yao, na KBC ingetoa madaftari yake ya matangazo kama bado yapo. Kazi ya namna hii ingegharimu fedha kidogo kuliko sherehe nyingi za kuzindua miradi isiyoonekana.

Pingamizi linajulikana. Mkulima wa Mathira anadai malipo ya kahawa, barabara ya Othaya ina mashimo, na hapa watu wanalilia vikaragosi. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama ratiba zingehifadhi vikaragosi pekee. Safu ile ile inaonyesha ni lugha gani ilipewa saa ngapi, lini mashairi yalisikika, ni muda gani wa jioni ulinunuliwa kutoka nje na ni muda gani ulitengenezwa Nairobi. Agosti 1982, waasi wa jeshi la anga walipokiteka kituo, ratiba ilisema jambo moja na hewani likasikika lingine. Mtafiti wa historia angelipia kuziona mbili hizo kando kwa kando.

Isitoshe, vya kigeni havina haja kubwa ya kuokolewa. Voltron ina mwenyewe, na mwenyewe anataka kuiuza tena. Hallervorden ana mashabiki kwao. Hata BBC, iliyofuta kanda zake nyingi za miaka ya 1960 kwa kuwa kanda zilikuwa ghali, ilipata bahati: nakala za Doctor Who ziliuzwa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, na Oktoba 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana katika kituo cha runinga cha Jos, Nigeria. Rafu ya Afrika ilimtunzia Mwingereza utoto wake. Hakuna rafu ya Uingereza iliyomtunzia Mkenya wake, kwa sababu vipindi vya VoK havikuuzwa huko.

Kati ya vipindi vya hapa nchini, vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vimeponea kwa kuwa vilidumu miongo na vilitazamwa na kila rika. Vipande vyake vinapatikana YouTube. Hata hivyo kumbukumbu yake ina mitego. Watoto wengi wa Nyeri walikua wakiamini kwamba Mzee Ojwang wa Vitimbi alikuwa Mjaluo kwa lafudhi yake, na walipomsikia akitajwa kwa jina lake halisi, Benson Wanjau, hasa alipofariki mwaka 2015, waligundua kwamba mzee huyo angeweza kuwasalimia kwa Kigikuyu. Kama mtu maarufu kiasi hicho aliweza kujificha hadharani, vipi kuhusu kwaya za watoto wa shule zilizoletwa studio mara moja, watangazaji wa kipindi kilichodumu miezi sita, wasimulizi wa ngano za jioni waliolipwa nauli?

Hao hawana kampuni Cologne. Wengi wa waliokuwa watoto wa kwaya hizo bado wako hai, wana miaka hamsini na zaidi, na wanajua ni basi gani liliwapeleka, mwalimu gani aliwafundisha wimbo, walivaa sare gani na kipindi kiliruka jioni ya mwezi gani. Walimu wao wamevuka themanini. Ratiba ikishanakiliwa, jina la kipindi na tarehe yake vinaweza kusomwa hewani na redio za Kigikuyu, Inooro, Kameme au Coro, na mwalimu mstaafu wa Mukurwe-ini akapiga simu kusema wale walikuwa wanafunzi wake.